Orodha, Mishororo na Ritifaa: Hatua za Kwanza za Mwanafunzi wa Ushairi katika Lugha ya Python

Utangulizi

Suala la mizani lina mjadala mrefu katika taaluma ya ushairi wa Kiswahili. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mnamo 1954, aliyaweka maandishini masharti ambayo washairi wengi waliyachukulia kuwa uti wa mgongo wa utungo. Miaka 20 baadaye, mnamo 1974, Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilizidisha makali ya ubishi baina ya wanaarudhi na wanamapinduzi. Hata hivyo, yeyote anayedai kwamba mshairi fulani alilegeza mizani, au kwamba aliishikilia kikiki, hana budi kuhesabu. Kuhesabu diwani nzima kwa vidole kunachosha, na aghalabu mhakiki huhesabu beti chache kisha akakisia zilizosalia.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hajawahi kuandika programu anavyoweza kuikabidhi tarakilishi kazi hiyo kwa kutumia orodha katika lugha ya Python. Orodha ni nyenzo sahili. Lakini ina desturi zake, na asiyezifahamu hupata majibu ya uongo yaliyovaa sura ya ukweli. Kosa linaloisimamisha programu halina madhara makubwa, kwani mwandishi huliona papo hapo. Kosa la kuhofiwa ni lile linaloiacha programu iendelee na kutoa namba, nayo namba hiyo ikaingia katika tasnifu.

Kuiandaa Tarakilishi

Python iliasisiwa na Mholanzi Guido van Rossum, na toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka wa 1991. Jina lake halikutokana na chatu, kama wengi wanavyodhani, bali na kipindi cha vichekesho cha Uingereza, Monty Python's Flying Circus. Mwaka wa 2008 lilitolewa toleo la 3, ambalo kwa makusudi halikuafikiana na toleo la 2 katika mambo kadhaa. Toleo la 2 lilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Jambo hili si historia tu. Mwanafunzi anayejifunza kwa kitabu kikuukuu au kwa nakala zilizorithiwa kutoka kwa waliomtangulia atakutana na mifano ambamo amri ya kuchapisha haina mabano, naye ataijaribu na kukataliwa. Kasoro haitakuwa yake. Atakuwa anasoma lugha iliyokwisha kustaafu.

Python hupatikana bila malipo katika tovuti ya python.org. Anayetumia Windows, iwapo dirisha la kwanza la usakinishaji lina kisanduku kinachotaja PATH, anapaswa kukitia alama, ili tarakilishi iweze kuitambua Python popote inapoitwa. Kisanduku hicho kidogo kikisahauliwa, amri za baadaye hujibiwa kwamba hakuna programu yenye jina hilo, na wapo waliokata tamaa wakiwa mlangoni. Baada ya hapo huandikwa:

python --version

Kwenye Linux huandikwa python3 badala ya python. Jibu likianza kwa namba 3, safari inaweza kuanza. Pamoja na Python huja kihariri kiitwacho IDLE, nacho kinatosha kwa kazi yote iliyomo humu. Wanaoanza mara nyingi huhimizwa kujenga mazingira ya pekee kwa kila mradi kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Ushauri huo ni mzuri kwa atakayetumia vifurushi vilivyoundwa na wengine, lakini kwa anayejifunza orodha ni mzigo wa bure.

Mwandishi wa Kiswahili ana faida moja ambayo haitajwi sana. Python ina maneno yake yenyewe, mengi ya Kiingereza, na mwanagenzi anayeiita orodha yake list hulifunika neno la lugha bila kujua, kisha baadaye hushangaa amri iliyokuwa ikifanya kazi inapogoma. Anayeiita mishororo, beti au methali hana wasiwasi huo. Kadhalika, faili iitwayo hesabu_mizani.py haiwezi kugongana na faili za Python zenyewe. Kizuizi ni kwamba jina halikubali ritifaa wala nafasi. Kwa hivyo hakuna kigeu, yaani jina linaloshikilia thamani, kinachoweza kuitwa ng'ombe.

Orodha na Nafasi Zake

Orodha huandikwa ndani ya mabano ya mraba, na vipengele vyake hutenganishwa kwa koma. Mishororo miwili ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mfano tu:

mishororo = [
    "Kalamu nimeishika, naandika kwa makini",
    "Mtu mwenye mti wake, hakosi mahali pema",
]

Kila mshororo una mizani 16, minane katika ukwapi na minane katika utao. Amri len(mishororo) hutoa idadi ya vipengele, yaani 2. Mshororo wa kwanza, hata hivyo, haupatikani kwa namba 1 bali kwa mishororo[0], na wa pili kwa mishororo[1]. Anayeandika mishororo[2] huambiwa kwamba amevuka mpaka.

Desturi hii ya kuanzia sifuri huwatatiza wengi, ilhali anayesoma saa kwa Kiswahili anayo mantiki yake tayari. Saa moja asubuhi hutimia baada ya muda wa saa moja kupita tangu kupambazuka. Namba hiyo haitaji mwanzo, inataja kiasi kilichopita. Vivyo hivyo, namba ya nafasi katika orodha hueleza ni vipengele vingapi vimetangulia. Mwanzo wa ubeti haujatanguliwa na kitu, kwa hivyo ni 0. Mloto umetanguliwa na mshororo mmoja, kwa hivyo ni 1.

Kwa upande wa mwisho, Python inaruhusu namba hasi, na hapa ndipo mwanafunzi wa ushairi atakapofurahi. Katika tathlitha kibwagizo kiko nafasi ya 2, katika tarbia nafasi ya 3, katika takhmisa nafasi ya 4. Lakini katika bahari zote hizo hupatikana kwa kuandika [-1]. Sehemu ya orodha nayo hukatwa kwa nukta pacha: mishororo[0:4] hutoa ubeti wa kwanza wa tarbia, na mishororo[4:8] ubeti wa pili. Namba ya kwanza huhesabiwa ndani, ya pili hubaki nje, na tofauti yao ndiyo idadi ya mishororo inayopatikana.

Koma inayotenganisha vipengele inahitaji jicho la pekee. Ikisahauliwa baina ya mishororo miwili iliyoko ndani ya alama za mtajo, Python hailalamiki. Huiunganisha mishororo hiyo ikawa mmoja mrefu na kuendelea na kazi. Orodha iliyokusudiwa kuwa na vipengele viwili huwa na kimoja. Njia ya kulinasa kosa hili ni kuuliza len kila orodha inapomaliza kuandikwa na kulinganisha jibu na idadi ya mishororo iliyo kitabuni.

Kuhesabu Mizani

Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hivyo hatua ya kwanza ni kuhesabu irabu. Kitanzi, yaani amri inayorudiwa kwa kila kipengele, huandikwa hivi:

irabu = "aeiou"
for mshororo in mishororo:
    mizani = 0
    for herufi in mshororo.lower():
        if herufi in irabu:
            mizani = mizani + 1
    print(mizani)

Nafasi zinazosogeza mstari ndani ni sehemu ya sarufi ya Python, si pambo. Kwa desturi kila hatua ya ndani husogezwa kwa nafasi nne. Mstari wa mizani = 0 ndio wa kuangaliwa zaidi. Ukiwekwa juu ya kitanzi cha kwanza badala ya ndani yake, hesabu ya mshororo mmoja humwagikia unaofuata. Programu iliyoandikwa kama ilivyo hapo juu hutoa 16 kisha 14. Ile yenye sifuri iliyowekwa mahali pasipofaa hutoa 16 kisha 30. Ajabu ni kwamba koma iliyosahauliwa nayo hutoa 30. Makosa mawili yasiyohusiana huzaa namba moja, na len huyatofautisha: kwa kosa la koma orodha ina kipengele 1, kwa kosa la sifuri ina 2.

Kabla ya kushughulikia hiyo 14, yafaa kuelezwa kwa nini amri lower imetumika. Kazi yake ni kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, maana kwa tarakilishi M na m ni herufi mbili tofauti. Amri hii haiubadilishi mshororo wenyewe. Huzaa mshororo mpya na kuuacha wa awali ulivyo. Anayeandika mshororo.lower() peke yake katika mstari, akidhani amemaliza, hajafanya lolote. Anapaswa kuandika mshororo = mshororo.lower().

Orodha hufuata desturi iliyo kinyume. Amri ya kupanga, maneno.sort(), huipanga orodha yenyewe papo hapo na haitoi orodha nyingine. Mwanafunzi aliyezoea lower huandika maneno = maneno.sort(), na pale pale jina maneno hubaki likiashiria None, yaani utupu, na maneno aliyoyakusanya hayafikiki tena kwa jina hilo. Mfuatano wa herufi haubadiliki, orodha hubadilika. Wanaoanza huambiwa jambo hili kama nadharia ya baadaye, ilhali lingepaswa kuwa miongoni mwa mambo ya siku ya kwanza.

Nakala Isiyo Nakala

Kutokana na tabia hiyo ya kubadilika, hatari kubwa zaidi kwa mtafiti hutokea anapotaka kuhifadhi data asilia na kufanyia kazi nakala. Huandika:

nakala = mishororo

Anachokipata si nakala bali jina la pili la orodha ile ile, kama mtu anayeitwa kwa jina la ukoo na kwa lakabu. Kila kinachofutwa katika nakala kimefutwa katika mishororo. Mtafiti aliyenukuu tungo kutoka kwa kinywa cha mzee nyanjani, akazisafisha katika nakala yake ya kudhania, kisha akaiandika orodha ya asili juu ya faili ile ile, amepoteza matamshi aliyoyafuata kwa gharama na jasho. Ikumbukwe kuwa faili inapofunguliwa kwa ajili ya kuandikwa upya, kwa alama ya "w", yaliyomo hufutwa wakati huo huo, hata kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Nakala ya kweli hupatikana kwa mishororo.copy(). Faili ya nyanjani nayo ifunguliwe kwa kusomwa tu, na matokeo yaandikwe katika faili yenye jina jingine.

Ufutaji wenyewe una mtego wake. Shairi lililosomwa kutoka katika faili huja na mistari mitupu baina ya beti, na mistari hiyo huhesabiwa kuwa vipengele. Ikiachwa, mkato wa nne nne huanza kupotoka tangu ubeti wa pili. Mwanagenzi huandika kitanzi kinachopitia orodha na kufuta kila kitupu anachokutana nacho. Mistari mitupu miwili ikifuatana, mmoja hunusurika: kinapofutwa kipengele, vilivyo nyuma yake husogea mbele hatua moja, ilhali kitanzi nacho kinasonga mbele, kwa hivyo kimoja kinarukwa. Aidha, amri ya remove hufuta kipengele cha kwanza kinachofanana na kilichotajwa. Katika shairi lenye kibwagizo kisichobadilika, anayekusudia kukifuta katika ubeti wa sita atakuwa amekifuta katika ubeti wa kwanza. Suluhisho ni kutofuta kabisa, bali kujenga orodha mpya:

safi = []
for mshororo in mishororo:
    if mshororo.strip() != "":
        safi.append(mshororo)

Ritifaa Mbili

Kusoma shairi kutoka katika faili hufanywa hivi:

with open("shairi.txt", encoding="utf-8") as faili:
    matini = faili.read()
matini = matini.replace("’", "'")
mishororo = matini.splitlines()

Mwanafunzi anaweza kuuliza utf-8 inamhusu nini, maadamu Kiswahili sanifu hakina herufi zenye vialama. Kinamhusu kwa sababu ya ritifaa. Programu za kuandikia barua na tasnifu huigeuza ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda, pasi na kuulizwa. Kwa jicho la msomaji zote ni ng'. Kwa tarakilishi iliyonyooka ni alama namba 39, na iliyopinda ni namba 8217. Neno ng'ombe lililoandikwa kwa ritifaa mbili tofauti katika diwani moja litahesabiwa kuwa maneno mawili. Faili ikisomwa kwa mfumo usio wake, ritifaa iliyopinda inaweza hata kugeuka alama tatu za ajabu katikati ya neno. Ndiyo maana mstari wa tatu hapo juu unazirejesha zote kuwa za aina moja.

Madhara yake huonekana zaidi katika kupanga maneno kialfabeti. Tarakilishi hupanga kwa kufuata namba za alama, na a ni 97, z ni 122. Ritifaa iliyonyooka, yenye 39, hutangulia herufi zote, kwa hivyo ng'ombe hutokea kabla ya ngamia. Iliyopinda, yenye 8217, huja nyuma ya zote, kwa hivyo ng'ombe yule yule huenda kusimama baada ya nguo. Herufi kubwa nazo, kwa kuwa Z ni 90, humfanya Zanzibar amtangulie asali. Anayeandaa faharasa ya istilahi au orodha ya msamiati wa lahaja asipochukua tahadhari hii atakuwa na orodha ambayo msomaji hawezi kuitafutia neno.

Ritifaa hukorofisha hata ndani ya programu. Neno 'ng'ombe' likizungushiwa alama za mtajo moja moja, Python hudhani ya katikati ndiyo ya kufungia. Maneno ya Kiswahili yazungushiwe alama mbili mbili: "ng'ombe".

Mizani Miwili Iliyopotea

Mshororo wa pili ulitoa 14 badala ya 16 kwa sababu ya mtu na mti. Katika maneno haya m ni silabi kamili isiyo na irabu, na programu haikuambiwa hivyo. Mfuatano wa herufi una namba za nafasi kama orodha, kwa hivyo inawezekana kuangalia kila m imefuatwa na nini. Mistari hii huongezwa ndani ya kitanzi cha kwanza, kabla ya print:

    m = mshororo.lower()
    konsonanti = "cdfghjklmnprstvyz"
    for i in range(len(m) - 1):
        if m[i] == "m" and m[i + 1] in konsonanti:
            mizani = mizani + 1

Herufi w imeachwa nje kwa sababu ya maneno kama mwenye, ambamo mwe ni silabi moja. Herufi b imeachwa kwa sababu ya mbali na mbegu. Sasa mishororo yote miwili hutoa 16.

Maneno mafupi kama nchi, nne, nge, mbwa na mbu bado yanaponyoka, kwa kuwa nazali yake hubeba mkazo na kuwa silabi. Haya ni machache, na yanaweza kuwekwa katika orodha ya pekee ambayo programu huipitia kwa kila neno. Maneno ya mkopo yenye konsonanti inayofunga silabi, kama labda na daktari, yanahitaji uamuzi: mtafiti aamue kama konsonanti hiyo ni mizani au la, na auandike uamuzi wake katika sura ya mbinu za utafiti, si kuuficha ndani ya programu.

Linabaki neno mbuni. Likiwa ndege mkubwa asiyeruka, ni mbu-ni, mizani miwili. Likiwa mtu anayebuni, au mti wa kahawa ambao wingi wake ni mibuni, ni m-bu-ni, mizani mitatu. Herufi ni zile zile, nafasi zile zile, na hakuna sheria ya b itakayowatenganisha. Kinachowatenganisha ni ngeli, na ngeli hujulikana kwa upatanisho wa maneno yanayofuata, pengine katika mshororo wa chini. Vivyo hivyo mbunge, ambaye m yake ni kiambishi cha ngeli, hutengana na mbuzi. Njia iliyo wazi kwa mwanafunzi ni kuiagiza programu isiyahesabu maneno yanayoanza kwa mb, bali iyakusanye pamoja na namba ya mshororo katika orodha nyingine:

mashaka.append([namba, neno])

Kisha aifungue diwani na kuyasoma moja baada ya jingine, akiandika mbele ya kila moja mizani aliyoiona na sababu yake.